UBIA UKIVUNJIKA, MALI NI YA NANI?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Katika vitabu vya fiqhi tunavyosoma hapa madrasa umo mlango wa shirika, yaani biashara ya watu wawili au zaidi waliochanganya mali zao. Wanafunzi wengi huupita mlango huu haraka, kwa kuwa bado hawana mtaji. Lakini msiba unapoingia nyumbani, na marehemu alikuwa na duka la ubia na rafiki yake, mlango huo huo ndio unaohitajika siku ya pili baada ya maziko. Mjane anauliza: duka ni la nani sasa? Mbia aliyebaki anasema: ufunguo ninao mimi. Ndugu wa marehemu wanasema: nusu ya magunia ni yetu, tunakuja na gari. Na mayatima wamekaa ukumbini, hawajui kitu.

Makala hii itaeleza jibu la swali hilo. Tutaanza na historia ya njia yetu ya misafara, tutaangalia sheria ya India ambayo iliwahi kutumika hapa Tabora, kisha tutapiga hesabu kwa mfano. Tukimaliza, Inshaallah, kila msomaji ataweza kumweleza mwenzake jambo moja kubwa: ubia ukivunjika, mali haiwi ya yule aliyeishika, wala haigawanywi kipande kipande siku hiyo hiyo. Kwanza ni hesabu, kisha madeni, halafu ndipo kila mtu apate fungu lake.

1. UBIA NI NINI?

Ubia ni mapatano ya watu kufanya biashara pamoja kwa nia ya kupata faida na kugawana. Kila mmoja ni mwenye mali na pia ni wakili wa wenzake. Akinunua kwa ajili ya ubia, amewanunulia wote, na akikopa kwa ajili ya ubia, amewakopea wote.

Ubia si sawa na kampuni iliyoandikishwa. Kampuni kisheria ni kama mtu mwingine kabisa, na ina mali yake na madeni yake. Mwenye hisa akifa, kampuni inaendelea. Ubia ni wabia wenyewe. Biashara ikishindwa kulipa, mwenye kudai anaweza kuwafuata mpaka majumbani kwao.

Katika fiqhi, shirika huisha mmoja akijitoa, akifariki au akipoteza akili. Sheria ya India ya mwaka 1872 nayo ilisema kwamba kifo cha mbia mmoja kinavunja ubia. Sheria za baadaye zimekubali hivyo hivyo, isipokuwa kama wabia walipatana vingine tangu mwanzo.

2. NJIA YA MISAFARA NA UBIA WAKE

Mji wa Tabora ulikua kwa biashara. Katikati ya karne ya 19 Waarabu na Waswahili kutoka pwani walijenga matembe yao Unyanyembe, mahali palipoitwa Kazeh, katika nchi ya Wanyamwezi. Wazungu Burton na Speke walipofika Kazeh mwezi Novemba 1857, waliwakuta wafanyabiashara hao wamekwisha kukaa. Mhindi maarufu Musa Mzuri naye alikuwa na makazi yake hapo. Kutoka Bagamoyo njia ilikuja Tabora, na kutoka Tabora ikaendelea Ujiji na kuvuka ziwa kwenda Manyema.

Biashara hiyo ilihitaji mali nyingi na subira ndefu. Nguo za merikani na kaniki, shanga na masango vilikopwa Unguja kwa matajiri. Mmoja wao alikuwa Mhindi Tharia Topan, aliyemkopesha Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana kwa jina la Tippu Tip. Msafara ukiondoka uliweza kukaa miaka kabla ya kurudi na pembe za ndovu. Ni lazima pia tuseme ukweli wote: katika mali za misafara hiyo walikuwamo wanadamu waliotekwa na kuuzwa. Hiyo ilikuwa dhuluma, wala hatuitaji hapa kwa kuisifu.

Kwa kuwa njia ilikuwa ndefu, mtu mmoja hakuweza kuwa kila mahali. Mmoja alikaa Tabora, mwingine Ujiji, mwingine Manyema, na mwingine Unguja. Katika miaka ya 1880 Tippu Tip alishirikiana na jamaa na wenzake, akiwamo Bwana Nzige na Muhammad bin Khalfan el Barwani, ambaye watu walimwita Rumaliza. Makao ya Rumaliza yalikuwa Ujiji.

Kisha mambo yakageuka. Tippu Tip alirudi Unguja mwaka 1891. Vita vya Manyema na Wabelgiji vikaharibu biashara. Sefu, mtoto wa Tippu Tip, akauawa mwaka 1893, na Rumaliza akashindwa na kurudi upande wa Wajerumani mwaka 1894. Ubia ukawa hauna kazi tena. Lakini mali ilikuwa imebaki, na swali likawa lile lile: ni ya nani?

Rumaliza alimshitaki Tippu Tip katika mahakama ya Wajerumani. Alidai kwamba walikuwa wabia na kwamba ana haki katika mali. Mahakama ikampa haki Rumaliza, na Tippu Tip akapoteza mali yake ya huku bara. Tippu Tip alifariki Unguja mwaka 1905.

Hatuandiki haya ili tuamue upya kesi ya watu waliokwisha kutangulia mbele ya haki. Tunataka mwanafunzi atazame jambo moja. Watu hawa walikula pamoja, wakasafiri pamoja na kupigana vita pamoja. Mwishoni haki yao ya ubia iliamuliwa na mahakama ya wageni. Urafiki haukutosha kuwa hesabu. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

3. SHERIA YA INDIA ILIFIKAJE TABORA?

Huenda msomaji akashangaa India inahusika vipi na Tabora. Inahusika sana. Katika karne ya 19 Wahindi wa Unguja waliokuwa raia wa Kiingereza walihukumiwa na mahakama ya balozi wa Uingereza. Mahakama hiyo ilitumia sheria za India, na rufaa zake zilipelekwa Bombay. Kwa hiyo mkopo wa nguo uliotoka Unguja kuja Tabora uliweza kuanzia kwa tajiri ambaye hesabu zake zinasimamiwa na sheria za India.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walichukua Tanganyika, na kuanzia mwaka 1920 sheria kadhaa za India zikatumika hapa nchini. Mojawapo ilikuwa Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo ndani yake ulikuwamo mlango wa ubia. India yenyewe iliuondoa mlango huo na kutunga Sheria ya Ubia ya mwaka 1932. Tanganyika ilitunga Sheria yake ya Mikataba mwaka 1961, ambayo sasa ni Sura ya 345 ya sheria za Tanzania, na ndani yake imo sehemu ya ubia.

Basi anayesoma sheria ya India kuhusu ubia hasomi habari za ugenini. Anamsoma jamaa wa karibu wa sheria yetu.

4. MALI YA UBIA NI IPI?

Mali ya ubia ni ile waliyoichanganya wabia tangu mwanzo, pamoja na ile iliyonunuliwa baadaye kwa fedha za ubia. Jina lililoandikwa kwenye karatasi si jibu la mwisho. Kiwanja kikinunuliwa kwa fedha za ubia, lakini hati ikatoka kwa jina la mbia mmoja, bado ni mali ya ubia mpaka ithibitishwe kwamba walikusudia vingine. Kadhalika, mbia akileta baiskeli au pikipiki yake itumike dukani bila kuitoa kuwa mtaji, inabaki yake.

Maadamu ubia upo, hakuna mbia anayeweza kunyoosha kidole na kusema: "Gunia hili ni langu na lile ni lako." Kila gunia ni la wote. Anachomiliki mbia ni haki ya kupata faida, na siku ya kuvunjika, haki ya kupata fungu lake katika kitakachobaki baada ya madeni.

Jambo hili liliamuliwa wazi na Mahakama ya Juu ya India mwaka 1966, katika kesi ya Addanki Narayanappa na Bhaskara Krishnappa. Familia mbili zilikuwa na ubia wa kukoboa mpunga na kubangua karanga. Mwaka 1936 iliandikwa hati kwamba ubia umekwisha na hesabu zimefungwa. Miaka mingi baadaye upande mmoja ulikwenda mahakamani kudai hesabu. Ulisema kwamba katika mali za ubia ilikuwamo ardhi, na hati ile haikusajiliwa kama hati za ardhi zinavyotakiwa kusajiliwa, kwa hiyo haifai. Mahakama iliikataa hoja hiyo. Ilieleza kwamba fungu la mbia si kipande cha ardhi, hata kama ubia una ardhi. Fungu lake ni haki ya kupata fedha baada ya mali kuhesabiwa na madeni kulipwa. Kwa hiyo hati ile ya kuachiana haikuhitaji usajili huo, nayo ikakubaliwa.

Hapa mwanafunzi aone faida mbili. Ya kwanza, fungu la mbia linahesabiwa kwa thamani, si kwa vipande. Ya pili, karatasi iliyoandikwa mwaka 1936 ndiyo iliyosema badala ya watu, miaka 30 baadaye.

5. UBIA UNAPOVUNJIKA

Kuvunjika kwa ubia ni kama kufungwa kwa mlango wa duka. Wateja hawaingii tena, lakini waliomo ndani bado wana kazi. Bidhaa zihesabiwe, madeni yakusanywe, wanaodai walipwe. Kwa kazi hiyo wabia waliobaki bado wana mamlaka, lakini ni mamlaka ya kumaliza tu. Hawana ruhusa ya kuanzisha biashara mpya kwa mali ile.

Sheria ya India ya mwaka 1932 imeweka mpango wa kulipa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1890 ina mpango kama huo. Mali ikishakusanywa hulipwa hivi:

(a) Kwanza, madeni ya watu wa nje wanaoudai ubia.

(b) Pili, fedha ambazo mbia aliukopesha ubia, zaidi ya mtaji wake.

(c) Tatu, mtaji wa kila mbia.

(d) Nne, kinachobaki hugawanywa kama walivyokuwa wakigawana faida.

Kama kuna upungufu, huzibwa kwanza kwa faida, kisha kwa mtaji, na mwisho kwa wabia kutoa mifukoni mwao.

Pia kuna madeni ya aina mbili. Madeni ya ubia huanza kulipwa kwa mali ya ubia, na madeni binafsi ya mbia huanza kulipwa kwa mali yake binafsi. Kwa hiyo mtu aliyemkopesha marehemu fedha za kumtibu mtoto haji kubeba magunia ya dukani. Anasubiri fungu la marehemu litoke.

6. MFANO WA HESABU

Tuseme watu wawili hapa Tabora wana ubia wa asali na nta. Mbia wa kwanza alitoa mtaji wa shilingi 6,000,000 na wa pili shilingi 4,000,000. Walipatana faida na hasara ziwe kwa kadiri ya mtaji, yaani 60 kwa 40. Baadaye mbia wa kwanza akaukopesha ubia shilingi 2,000,000. Kisha akafariki.

Asali iliuzwa, mizani na mapipa yakauzwa, waliokopa wakalipa. Zikapatikana shilingi 21,000,000. Wauza asali wa vijijini na mwenye lori wanadai 4,000,000.

Tukilipa 4,000,000 zinabaki 17,000,000. Tukirudisha mkopo wa marehemu 2,000,000 zinabaki 15,000,000. Tukirudisha mitaji, 6,000,000 na 4,000,000, zinabaki 5,000,000. Hizo ni faida: marehemu 3,000,000 na mwenzake 2,000,000.

Jumla, upande wa marehemu unapata 2,000,000 na 6,000,000 na 3,000,000, yaani 11,000,000. Mbia aliyebaki anapata 6,000,000. Ukijumlisha na deni la 4,000,000 unapata 21,000,000. Hesabu imetimia.

Sasa tuseme biashara ilikuwa mbaya, na zikapatikana 9,000,000 tu. Baada ya deni la nje na mkopo zinabaki 3,000,000, na mitaji ni 10,000,000. Hasara ni 7,000,000. Marehemu anabeba 4,200,000 na mwenzake 2,800,000. Kwa hiyo katika mtaji wake marehemu anarudishiwa 1,800,000 na mwenzake 1,200,000.

Angalieni: kama ndugu wangekuja na gari na kuchukua nusu ya magunia siku ya tatu ya msiba, katika mfano wa kwanza wangewapunja mayatima, kwa kuwa haki yao ilizidi nusu. Na kama zingepatikana 3,000,000 tu, wangekuwa wamebeba mali ya wauza asali wa vijijini, kwa sababu deni la nje peke yake ni 4,000,000.

Tumechagua faida na hasara kwa kadiri ya mtaji kwa sababu ndiyo kanuni ya madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata. Lakini sheria ya serikali, wabia wasipopatana kitu, huchukulia kwamba faida na hasara ni sawa kwa sawa. Mwenye kutaka fiqhi ifuatwe katika biashara yake na aiandike mapema.

7. HAKI YA WARITHI NA MAYATIMA

Fungu la marehemu, zile 11,000,000, ndilo linaloingia katika mirathi. Duka lenyewe haliingii. Nalo litapita njia tunayoijua: gharama za maziko, madeni yake binafsi, wasia usiozidi theluthi, kisha warithi. Qur'an katika Surat an-Nisaa, aya za 11 na 12, imerudia kwamba mafungu ya urithi huja baada ya wasia na deni.

Vipi kama mbia aliyebaki hafungi hesabu, bali anaendelea kuuza kwa mali ile ile mwaka hadi mwaka? Sheria ya India ya mwaka 1932 inawapa warithi hiari mbili, ikiwa hakuna mapatano mengine: wachukue faida iliyopatikana kwa fungu lao, au wachukue riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Mwislamu anajua aiache ipi. Lakini hiyari ile ya kwanza ina maana kubwa. Maana yake ni kwamba mali ya yatima haizalishi bure kwa ajili ya mtu mwingine. Surat an-Nisaa, aya ya 10, imetoa onyo kali kwa wanaokula mali ya mayatima kwa dhuluma. Kuchelewesha hesabu kwa makusudi ni mlango mmojawapo wa kuila.

Vilevile warithi wasimdhulumu mbia aliyebaki. Yeye ana mtaji wake mle na madeni yanayomfuata, na wanaodai humwendea yeye kwanza kwa kuwa ndiye aliye hai. Surat Saad, aya ya 24, imetaja kwamba wengi katika wanaochanganya mali hudhulumiana, isipokuwa wenye kuamini na kutenda mema, nao ni wachache. Tuombe tuwe katika hao wachache.

8. MAMBO YA KUFANYA

Kwa wazazi wenye ubia leo:

- Andikeni hati: mtaji wa kila mmoja, mgawo wa faida na hasara, na nini kifanyike mmoja akifariki. Surat al-Baqara, aya ya 282, imetuamrisha kuandika deni na kushuhudisha. Ubia una madeni ndani yake kila siku.

- Wekeni daftari, na nakala moja ikae nyumbani. Mama watoto ajue ilipo.

- Andikeni kipi ni mali ya ubia na kipi ni cha mtu binafsi, hasa kiwanja na chombo cha usafiri.

Kwa walio katika msiba:

- Hesabuni bidhaa mapema mbele ya mashahidi wa pande zote mbili, kabla kitu hakijatoka.

- Wajulisheni wanaouza na kununua kwamba ubia umekwisha. Jina la biashara kama liliandikishwa, BRELA nao wajulishwe.

- Msimamizi wa mirathi ateuliwe na mahakama. Mirathi ya Kiislamu inaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Yeye ndiye atakayedai fungu la marehemu kwa mbia. Masheikh watasaidia kugawanya mafungu, lakini wanahitaji hesabu iliyofungwa.

- Mkimaliza, andikeni hati ya kuachiana, kila upande utie sahihi, na kila upande ubaki na nakala.

Ndugu wanafunzi, huenda ninyi ndio mtakaoshika daftari hilo nyumbani kwenu, kwa kuwa mmesoma. Jifunzeni hesabu kama mnavyojifunza fiqhi. Mjane hatapata haki yake kwa maneno mazuri ya msibani. Ataipata pale mtu mmoja mwaminifu atakapokaa na kalamu, akajumlisha na kutoa mpaka shilingi ya mwisho.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) atuepushe na dhuluma katika mali zetu. Wabillahi tawfiq.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja mambo matatu yanayovunja shirika katika fiqhi.

2. Wabia wawili wana mtaji wa 3,000,000 na 2,000,000, faida kwa kadiri ya mtaji. Ubia umevunjika, zimepatikana 9,000,000, na deni la nje ni 1,500,000. Kila mmoja atapata kiasi gani?

3. Kwa nini ndugu wa marehemu hawana haki ya kuchukua magunia kabla ya hesabu kufungwa?

4. Muulize mzazi au mlezi wako: kama ana biashara ya ubia, daftari liko wapi?

(Jibu la swali la 2: 4,500,000 na 3,000,000.)